Koyote Mweusi na Sufuria ya Générose

"Sitasinye," Bagalwa alisema kwa mara ya tatu, akaisukuma karatasi mpaka ikagonga kikombe cha wakili wake.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Chini ya dirisha magari ya mji wa Golden Valley, Minnesota, yalikuwa yakijikokota kwenye theluji chafu ya mwisho wa Februari. Ndani ya ofisi, Griffins Kiprop, wakili kijana aliyevaa tai nzuri kuliko kesi zake, alikuwa ameishiwa na maneno ya upole.

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu. Ilisema kwamba Bagalwa, mfanya usafi wa hospitali, mkazi wa Burnsville, mzaliwa wa Kivu, anakiri kumpiga risasi na kumuua mbwa wa mtu. Akikiri, hafungwi. Atasalimisha bunduki yake, ataandika barua ya kuomba radhi, na mambo yataishia hapo.

"Mzee, nisikilize," Griffins alisema. "Hii deal ina-expire leo saa kumi. Uki-sign, hakuna jela. Ukikataa tunaenda trial, na tukipoteza, hiyo ni felony, kosa la jela. Na interview yako ya citizenship ni April."

"Na nikisinye, wale wa interview watasema nini?"

Griffins aliiangalia tai yake. "Pia haitawafurahisha."

"Basi unanipa nichague fimbo ya kunipiga."

Générose, mkewe, alikuwa amekaa pembeni na mkoba magotini. "Papa Kirezi, sinya tuende," alisema taratibu. "Mi niko na papier ya uraia. Watoto wako na papier. Weye peke yako njo umebakia. Miaka kumi na mbili tulikaa mu camp ya wakimbizi, na sasa unataka tukuache inje ya mulango juu ya nyama ya pori?"

"Sikuua imbwa ya mutu, Mama Kirezi. Nikisema niliua, nimekuwa mutu mwingine. Huyo mutu mwingine njo watampa papier?"

Rahab Wanjohi alikuwa amesimama mlangoni, hajavua koti. Alikuwa mpelelezi wa Griffins, yaani mtu anayelipwa kutafuta yale ambayo serikali haikujisumbua kuyatafuta. Alifanya upelelezi wa polisi Nakuru miaka tisa, kisha akawauguza wazee wa Minnesota miaka kumi na mmoja, na kazi zote mbili zilimfundisha jambo lilelile: mtu akikudanganya, mwache amalize. Faili hili alikabidhiwa juzi, baada ya mpelelezi wa kwanza kuandika nusu ukurasa na kwenda zake likizo Florida.

"Tuanze mwanzo," alisema. "Mzee Bagalwa, nijibu kwa ufupi. Ulipiga nini?"

"Koyote."

"Wa rangi gani?"

"Nyeusi. Nyeusi ya makala."

Griffins alifungua viganja vyake hewani. Hapo ndipo kesi ilipokwama. Kila mtu Minnesota anamjua koyote, huyu binamu wa mbweha anayezungukazunguka nyuma ya maduka na kuiba paka. Anamjua ana rangi ya majani makavu, kijivu na hudhurungi. Ukiwaambia watu kumi na wawili wa baraza la mahakama kwamba ulimwona mweusi, watakutazama kwa huruma.

"Ulijuaje si mbwa?"

"Mkia. Imbwa akikimbia, mkia iko juu. Ile ilikimbia na mkia chini. Macho manjano, mudomo mwembamba. Na ilikuwa inamaliza kondoo za yule mama mwenye shamba kule Anoka, kwenye nilienda kuwinda. Ye mwenyewe alinipa ruhusa."

"Halafu?"

"Jirani yake akakuja mbio, mzee Halvorson. Akapiga magoti mu theluji, akalia. Anasema, Duke wangu, Duke wangu."

"Nawe ukamwambia huyo si Duke."

Bagalwa alitikisa kichwa. "Mutu analia, Mama Rahab."

"Nimeuliza ulimwambia nini."

"Sikumwambia kitu. Nilimusaidia kubeba ile nyama mu gari yake."

Rahab alitazama dari. "Na kesho yake?"

Hilo lilijibiwa na Générose. "Nilipika mbuzi, tukamupelekea. Mutu akifiwa hauendi kwake mikono mitupu, hata kama alifiwa na imbwa. Tukakaa naye saa moja, hatukusema sana, tukarudi. Mpaka leo hajarudisha sufuria yangu, ile ya maua ya buluu yenye shikio moja. Nilitoka nayo mu camp."

Rahab aliisoma tena ripoti ya polisi. *Mshukiwa alikabidhi mzoga bila ubishi, na siku iliyofuata akamletea mlalamikaji chakula kwa kuomba radhi.* Kwao hata mtoto angejua kwamba mfiwa habishiwi mbele ya maiti wake, na kwamba chakula cha msiba si kukiri kosa. Lakini ripoti haikuandikwa kwao. Rahab alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kazi, ile inayomfanya mtu atafute funguo za gari.

"Mzoga uko wapi?"

"Halvorson ameuzika nyuma ya nyumba yake," Griffins alisema. "Niliomba ufukuliwe. Prosecutor akasema tumwachie mzee wa watu mbwa wake mpaka spring. Anyway, walichukua nywele pale kwenye damu, wakapeleka lab. Auntie, lab inasema hiyo rangi nyeusi imetoka kwa mbwa. Niwaambie nini?"

"Na hii?" Rahab aliinua picha pekee iliyokuwepo. Bagalwa aliipiga kwa simu kabla Halvorson hajafika: mnyama mweusi amelala ubavu, sikio la kushoto limepasuka ncha, na kifuani ana doa jeupe la ukubwa wa kiganja. Pembeni mwa doa mpelelezi wa kwanza alikuwa ameandika neno moja: *theluji*.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema.

"Hata ukikosa kitu, sitasinye," Bagalwa alisema.

"Sikukuuliza, mzee. Lakini nimekusikia."

*

Nyumba ya Halvorson ilikuwa kaskazini ya Anoka, mahali ambapo mji umechoka na mashamba yameanza. Mwenyewe alifungua mlango akiwa na soksi za sufu, mtu wa miaka sitini na kitu, mkubwa wa mikono. Rahab alimwonyesha kitambulisho na kumweleza wazi kwamba anafanya kazi upande wa Bagalwa na kwamba halazimiki kumjibu. Halvorson alifikiri, kisha akamkaribisha kahawa. Watu wa huku hata wakikuchukia watakupa kahawa.

Kitu cha kwanza alichokiona Rahab kilikuwa juu ya jiko la kuni. Sufuria ya maua ya buluu, shikio moja, imejazwa maji yatoe mvuke kulainisha hewa kavu ya nyumba. Chombo cha msiba wiki sita kwenye nyumba ya mtu, na hata aibu haoni. Aliketi akakipa kisogo kwa makusudi, maana alijijua.

"Pole kwa Duke," alisema.

"Alikuwa rafiki yangu."

"Una picha yake?"

Halvorson alibandua moja kwenye friji. Mbwa mweusi, ulimi nje, amekaa nyuma ya gari.

"Mzuri. Alikuwa na weupe mahali popote? Miguuni, kifuani?"

"Hata unywele mmoja. Mweusi mtupu toka pua hadi mkia." Alisema kwa fahari, kama mtu anayemsifu mtoto wake.

Rahab aliandika neno kwa neno. "Ulimzika siku gani?"

"Siku ileile, Jumamosi. Pale kwenye mti." Dirishani ulionekana msalaba wa mbao mbili ukichungulia kwenye theluji.

"Ulisaidiwa na nani?"

"Nilichimba mwenyewe. Koleo na mgongo wangu."

Hilo pia aliliandika. Januari ile baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Mama yake Kamau, Mkenya mwenzake wa hapa, alipofariki mwezi huohuo, watu wa makaburi walileta mashine ya kupasha ardhi moto, ikapasha mchana kutwa ndipo wakapata pa kuchimba. Wakenya mia mbili walisimama pale wakikanyagakanyaga vidole visigande, na hakuna aliyesahau. Na huyu mzee alitaka aaminiwe kwamba alichimba kwa koleo, peke yake, alasiri moja.

Rahab alimwacha amalize kahawa. Aliangalia ukuta. Vichwa vya paa vitatu, samaki mkubwa juu ya ubao, na kati yao nafasi tupu yenye parafujo mbili mpya zinazong'aa. Juu ya nafasi hiyo palifungwa taa ndogo, nayo mpya, ikimulika ukuta.

"Unawinda sana," alisema.

"Tangu nikiwa na miaka kumi."

"Koyote je?"

"Kila majira ya baridi."

"Umewahi kumwona mweusi?"

Halvorson alikizungusha kikombe. "Hakuna koyote mweusi, mama. Hizo ni hadithi za watu wasiojua kulenga."

"Na huyu ndege amekaa kama mzima. Nani amekutengenezea?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulilainika. Alimshusha ndege mwenye mkia mrefu aliyekuwa juu ya kabati, akamkabidhi Rahab amtazame vizuri. Rahab alimsifu manyoya, alimsifu macho, kisha akamgeuza polepole. Chini ya kibao palibandikwa karatasi ndogo iliyofifia: *Velma, Anoka*, na namba ya simu.

"Kazi nzuri sana," Rahab alisema, akaaga. Akiwa njiani kurudi kwenye gari alipitia kwenye msalaba na kugonga ardhi kwa kisigino. Ililia kama zege.

*

Velma alikuwa na miaka sabini na karakana yenye harufu ya chumvi na gundi. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza ngozi za wanyama waliouawa wakae kama wazima. Droo zake zilijaa macho ya kioo yaliyopangwa kwa ukubwa. Hakuacha kushona sikio la dubu Rahab alipojitambulisha.

"Sitoi habari za wateja," alisema.

"Vizuri. Basi nifundishe tu. Kuna koyote mweusi?"

Sindano ilisimama. Velma alimtazama juu ya miwani, na Rahab akajua ameuliza swali ambalo mwanamke huyu alilisubiri miaka mingi aulizwe na mtu mwenye masikio.

"Miaka arobaini na moja niko hapa," Velma alisema. "Nimeshika koyote mwekundu kuliko mbweha. Nimeshika mmoja wa rangi ya asali. Mmoja mweupe, lakini si yule mweupe wa macho mekundu, huyu alikuwa na macho yake ya kawaida. Weusi nimeshika wanne. Kila mwindaji aliyeniletea alikuja amekasirika, kwa sababu wenzake walimwita mwongo."

"Maabara wanasema weusi huo ni wa mbwa."

"Ni kweli, ni wa mbwa. Profesa mmoja aliwahi kunieleza hapo ulipokaa. Zamani sana, nyanya fulani wa koyote alizaa na mbwa, na rangi ikabaki kwenye ukoo. Pua hii ni ya bibi yangu wa Norwei. Je, imenifanya Mnorwei? Hata lugha yao siijui."

Rahab alitaka kucheka lakini muda ulikuwa saa saba na dakika arobaini. Alitoa picha mbili akazilaza mezani, ya Bagalwa na ya Duke.

"Velma, sikuulizi mteja. Nakuambia jambo, ukitaka utanifukuza. Kuna mtu anaambiwa akiri leo saa kumi kwamba alimuua mbwa huyu. Asipokiri anaweza kufungwa. Akikiri, huenda asiwe raia kamwe. Mwenye mbwa anasema alimzika Jumamosi ya pili ya Januari, kwa koleo."

"Koleo?" Velma alisema. "Januari?"

Alivaa vizuri miwani. Aliitazama picha ya mbwa akaisogeza kando mara moja.

"Huyu ni Duke. Duke alikufa kiangazi cha mwaka juzi kwa figo. Halvorson aliniletea akilia nimtengeneze. Nikamwambia sitengenezi mbwa wa watu, akakasirika mwezi mzima."

Kisha akaichukua picha ya Bagalwa, akaiangalia kwa muda mrefu zaidi. Aliweka sindano chini. Alikwenda nyuma, kwenye friji kubwa ya kugandishia nyama iliyolala kama sanduku, akainua mfuniko.

"Njoo," alisema.

Alikuwa amekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mzima, hajachunwa. Velma alisukuma barafu kwa kiganja. Sikio la kushoto limepasuka ncha. Kifuani, doa jeupe la ukubwa wa kiganja, na si theluji. Mguuni palifungwa kadi, na maandishi makubwa ya kalamu nyeusi: *Koyote, mweusi. Asimame wima, mdomo wazi. Nimempiga mwenyewe. Halvorson.* Tarehe ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya risasi ya Bagalwa, na siku moja baada ya sufuria.

"Misimu miwili alikuwa akimwinda huyu," Velma alisema. "Aliweka kamera porini, akinionyesha picha kila akija. Halafu akaniletea na kuniambia alimpiga kwa mita mia tatu. Nilimwamini. Nilimpa hongera na keki."

Rahab alielewa yote kwa mpigo. Mzee alisikia bunduki ya mtu mwingine, akakimbia, akamkuta mnyama wake wa ndoto miguuni kwa mgeni mwenye koti la kuazima. Machozi yake huenda yalikuwa ya kweli. Jina la Duke lilimtoka kwa wivu, na alipoona mgeni habishi, anambebea na mzoga, akaona mlango uko wazi. Baadaye Bagalwa alipoweka ile picha kwenye simu za watu wa kanisa, ikasambaa, Halvorson hakuwa na njia nyingine ila kwenda polisi na kuwa mfiwa mpaka mwisho. Koyote asingeweza kuning'inia ukutani kwake huku mtu mwingine akisema ni wake.

"Utaniandikia haya na kutia sahihi?" Rahab aliuliza.

"Lete kalamu," Velma alisema. "Na huyu hatoki humu mpaka aje polisi mwenye akili."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili Griffins alikuwa ameshatuma kila kitu: picha ya mnyama, kadi, maelezo ya Velma. Simu iliwekwa katikati ya meza ili wote wasikie. Upande wa pili mwendesha mashtaka alisikika akigeuza karatasi.

Hatimaye alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha taratibu, kwamba mashtaka yataondolewa. Aliongeza kwamba Bwana Halvorson ni mtu mzima, anaheshimika, na kwamba ingekuwa vyema jambo hili liishe kimyakimya. Angetuma karatasi fupi. Bagalwa angetia sahihi kwamba hatalalamika popote, wala hatadai chochote, na kila mtu arudi nyumbani.

Griffins aliziba simu kwa kiganja, akatafsiri. Macho yake yaling'aa. "Mzee, tumeshinda. Ni signature tu. Hii ni clean kabisa."

Bagalwa aligeuka, hakumtazama wakili, alimtazama mkewe. Rahab naye alimtazama. Asubuhi mwanamke huyu ndiye aliyesema sinya tuende.

"Ile mbuzi aliikula?" Générose alimuuliza Rahab.

"Sijui kama aliikula. Sufuria niliiona. Anachemshia maji."

Générose alifungua mkoba, akaufunga. "Alikula chakula ya kilio, na hakufiwa," alisema polepole. "Alituangalia tumekaa pale, tumeinamisha kichwa, na maiti iko mu gari yake anangoja kuipeleka kupambwa. Papa Kirezi."

"Niko hapa."

"Usisinye kitu."

Bagalwa aliivuta karatasi ya asubuhi iliyokuwa bado mezani, ile ya kukiri, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa shati lake, apate kuwaonyesha wajukuu.

"Mwambie," alimwambia wakili, "mashtaka walisoma mu tribunal, sauti juu, watu wote wakisikia. Wanatoa vilevile mu tribunal, sauti juu. Juge aseme kwa kinywa chake kwamba Bagalwa hakuua imbwa ya mutu. Nitavaa costume, koti na tai. Nitakuja na watoto. Na ile koyote ni yangu, nitaipeleka kwa yule mama ya kushona, anitengenezee ikiwa na mkia chini, vile inakimbia. Karatasi yake abaki nayo."

Griffins aliondoa kiganja kwenye simu. Alimtazama Rahab, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kumsaidia. Rahab alikuwa anavua koti lake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na alikuwa anatabasamu.

"Mwambie, wakili," alisema. "Neno kwa neno."

Griffins aliinyoosha tai, akainama kwenye simu, akasema yote, kwa Kiingereza safi cha mahakamani, bila kulainisha hata neno moja. Mwendesha mashtaka akauliza, sasa kwa unyenyekevu kidogo, kama kuna lolote zaidi.

"Iko," Générose alisema, kabla swali halijatafsiriwa. Alisogeza kiti chake mpaka mezani, akainama juu ya simu mwenyewe. "Mwambie yule mzee arudishe sufuria yangu. Na asiirudishe tupu."